Taa za gari hazihitaji kuwa intaneti

Tangu Juni 2023, taasisi ya kimataifa ya wahandisi, IEEE, ilipoidhinisha kiwango cha 802.11bb cha mawasiliano kwa mwanga, jina la Li-Fi limekuwa likitajwa kwa mshangao uleule: intaneti inayosafiri kwenye mwanga wa taa, yenye kasi kuliko Wi-Fi. Kutoka hapo mazungumzo yamehamia barabarani. Tunaambiwa taa za magari nazo zitakuwa vituo vya intaneti, gari litapokea ramani na video kutoka kwenye taa ya gari la mbele, na mawimbi ya redio yatawekwa kando. Naona hoja hiyo imeanzia pasipostahili. Faida ya mwanga kati ya gari na gari haiko kwenye kasi ya data. Faida yake ni kwamba ujumbe unaoletwa na mwanga unafika pamoja na mahali ulipotoka, hivyo anayeupokea anajua ni gari lipi linalosema, na hahitaji masafa yaliyotengwa na nchi yoyote ili aupate. Kwa sisi tunaoendesha magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za watu wengine, hilo ndilo la kutazama.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa hicho kiwango chenyewe. 802.11bb hakitumii mwanga tunaouona. Kinatumia miale ya infraredi, yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 800 na 1,000, na kasi yake inaanzia megabiti 10 kwa sekunde hadi gigabiti 9.6. Kimebuniwa hasa kwa ajili ya ndani ya nyumba, ofisi na viwanda. Mwanga unaoonekana una kiwango chake, 802.15.7, kilichotoka mwaka 2011 na kuhuishwa mwaka 2018, na humo daraja lililowekwa kwa matumizi ya nje lina kasi ya kilobiti 11.67 hadi 266.6 kwa sekunde. Anayetafuta intaneti ataona hizo ni namba za kuaibisha. Lakini hebu tupige hesabu ya kile gari linachohitaji kusema. Ujumbe wa usalama unaotumika kwenye mifumo ya redio ya magari, unaobeba mahali gari lilipo, mwendo wake, uelekeo na hali ya breki, una ukubwa wa baiti kama 300 na hutumwa mara 10 kwa sekunde. Hiyo ni kilobiti 24 kwa sekunde. Daraja la nje la 802.15.7, kwa kiwango chake cha juu, linabeba mzigo huo mara 11. Gari linalofunga breki ghafla halina video ya kumtumia mtu. Lina sentensi moja fupi ambayo haipaswi kuchelewa.

Wazo la kusema kwa mwanga ni la zamani. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walirusha sauti ya binadamu juu ya mwale wa jua hadi umbali wa mita zipatazo 213. Kilichokosekana kwa zaidi ya karne ni taa inayoweza kuwaka na kuzima haraka kiasi kwamba jicho haligundui. Balbu ya zamani yenye uzi wa waya huchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga wake kamili. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, muda huo ni zaidi ya mita tano za barabara. Taa ya LED hufanya hivyo kwa muda mfupi mno usiopimika kwa jicho, na inaweza kurudia maelfu ya mara kwa sekunde huku dereva wa nyuma akiona taa iliyotulia. Mwaka 1999 Grantham Pang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hong Kong walionyesha taa ya kuongozea magari ya LED ikituma sauti. Japani, kundi la Masao Nakagawa wa Chuo Kikuu cha Keio lilikuwa miongoni mwa waliosukuma mbele utafiti huu, na mwaka 2003 kampuni za huko zikaunda umoja wa mawasiliano ya mwanga unaoonekana. Baadaye watafiti wa Nagoya na Shizuoka wakatengeneza kamera maalumu iliyosoma taa za LED za gari linalotembea kwa zaidi ya megabiti 10 kwa sekunde. Taiwan, nchi ya skuta, walijaribu kwenye taa za nyuma za skuta zenyewe.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mara nyingi hurukwa, nalo linatufaa. LED nyeupe ya taa kubwa za mbele kwa kawaida ni LED ya bluu, ule uvumbuzi uliowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014, iliyopakwa dawa inayogeuza sehemu ya mwanga wa bluu kuwa wa njano, na mchanganyiko wake jicho huuona mweupe. Hiyo dawa ni nzito kuitikia, na ndiyo inayopunguza kasi ya kutuma data. Taa nyekundu ya nyuma haina shida hiyo, kwa sababu LED yake hutoa mwanga mwekundu moja kwa moja. Maana yake taa ya breki, ambayo ndiyo inayotazamwa na anayeweza kukugonga kwa nyuma, ndiyo iliyo rahisi zaidi kuifanya iseme.

Sasa tuje kwenye kiini. Redio inapopokea ujumbe “nafunga breki”, inajua kwamba kuna gari, ndani ya eneo la mita mia kadhaa, linalofunga breki. Ni lipi? Ujumbe wenyewe unataja mahali kwa GPS, na GPS ya kawaida ya gari hukosea kwa mita kadhaa, hasa penye majengo marefu au chini ya daraja. Njia moja ya barabara ina upana wa mita tatu hadi tatu na nusu. Kwa hiyo kosa la kawaida la GPS linatosha kulihamishia gari la njia yako kwenye njia ya pili, au kinyume chake. Mfumo ukipiga kelele kwa kila gari linalosimama jirani, dereva atauzima ndani ya wiki. Ukinyamaza kwa sababu hauna uhakika, hauna kazi. Kamera inayosoma ujumbe kutoka kwenye taa haina tatizo hilo. Taa imeonekana mahali fulani kwenye picha, na ujumbe umetoka kwenye nukta hizohizo za picha. Taa mbili za gari moja zina umbali unaojulikana kati yake, na kutokana na hapo hata umbali wa gari unaweza kukadiriwa. Hakuna hesabu ya pili ya kuoanisha sauti na msemaji.

Madereva wetu wameishi na lugha ya taa muda mrefu, na udhaifu wake wanaujua. Ukiwa nyuma ya lori la mzigo kati ya Chalinze na Morogoro usiku, lori likiwasha indiketa ya kushoto dereva wako anaelewa kwamba mbele ni kweupe, apite. Likiwasha ya kulia, anaelewa kuna gari linakuja, abaki. Ni wema mkubwa baina ya watu wasiojuana. Ila indiketa ya kulia ina maana mbili. Inaweza kuwa “usipite”, na inaweza kuwa “nakata kulia”. Na ya kushoto inaweza kuwa “pita”, au “naingia kituoni”, au dereva amesahau kuizima. Nimekaa kiti cha mbele cha basi nikamwona dereva akijivuta nusu ya gari upande wa pili, kisha akarudi haraka, kwa sababu lori la mbele lilikuwa linachepuka tu kuingia kituo cha mafuta. Taa ilisema, tatizo ni kwamba ilisema kitu kimoja kwa ajili ya mambo matatu. Ukiweka ndani ya mwanga uleule biti chache zinazotenganisha “nakata kona” na “kuna gari linakuja”, umeondoa utata ambao leo unaachiwa uzoefu na bahati. Na tangu mwaka 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku Tanzania, abiria wengi zaidi wanasafiri katika saa ambazo taa ndiyo kitu pekee kinachoonekana cha gari la mbele.

Wanaotetea redio wana hoja nzito, na lazima ipewe nafasi yake yote. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Kwenye kona za Kitonga, lori lililokatika breki likishuka nyuma ya ukuta wa mlima halitaonekana na kamera yoyote mpaka liwe usoni pako, lakini redio inaweza kukufikia kabla. Kwenye ukungu mzito wa alfajiri, kama ule wa nyanda za juu kati ya Nairobi na Naivasha, mwanga hutawanyika huku redio ikipita. Na kuna tatizo la mnyororo. Tuseme gari moja kati ya kumi lina kifaa. Kwa redio, gari la kwanza kwenye msafara linaweza kulionya la tano hata kama yaliyo katikati hayana kitu. Kwa mwanga, ujumbe unakatika kwenye gari la kwanza lisilo na kifaa, kwa sababu mwili wake umeziba njia. Hoja hizi sizipingi. Zinaonyesha kwamba anayesema mwanga utaizika redio hajawahi kuifikiria kona. Mahali pa mwanga ni pale magari yanapoonana: msafara kwenye barabara iliyonyooka, makutano yenye taa, foleni ya mjini.

Hata hivyo watetezi wa redio huiongelea kana kwamba imeshafika barabarani na kazi imekwisha. Historia yake inasema vingine. Marekani ilitenga megahezi 75 kwenye bendi ya gigahezi 5.9 mwaka 1999, mwaka uleule wa jaribio la Hong Kong. Mapema mwaka 2017 mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilichapisha pendekezo la kulazimisha kila gari jipya dogo liwe na redio ya kuzungumza na mengine. Pendekezo hilo halikupata kuwa sheria, na Novemba 2023 liliondolewa rasmi. Katikati ya hapo, mwaka 2020, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilichukua megahezi 45 za chini ikazipa Wi-Fi, ikabakiza 30 kwa magari, na ikaelekeza zitumike kwa teknolojia ya C-V2X, redio ya magari ya familia ya mitandao ya simu, ileile iliyochaguliwa na China. Ulaya nako, Volkswagen ilianza mwaka 2019 kuweka redio ya aina tofauti, ya familia ya Wi-Fi, kwenye Golf mpya. Hizo mbili hazielewani. Japani imeenda njia ya tatu: mfumo wa ITS Connect, ambao Toyota ilianza kuuweka kwenye magari yake mwaka 2015, unatumia masafa ya megahezi 760.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa moja kwa moja, na sijaona likizungumzwa. Magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani. Kila aliyenunua mojawapo anajua redio yake ya FM inaishia megahezi 90 au juu yake kidogo, kwa sababu Japani bendi ya FM inaanzia 76, na kwamba ili apate stesheni nyingi za hapa lazima fundi amfungie kifaa cha kuhamisha masafa. Kila asubuhi maelfu ya magari Dar es Salaam na Nairobi yakiwashwa huongea Kijapani, mwanamke akimkumbusha mwenye gari kuingiza kadi ya ushuru wa barabara ambazo gari hilo halitazipita tena. Sasa fikiria gari hilohilo likiwa na redio ya usalama ya megahezi 760. Masafa hayo yako ndani ya bendi ya 700, ambayo katika ukanda wetu wa dunia imetengwa kwa mitandao ya simu. Halitakuwa na wa kuzungumza naye, na likisema litakuwa linasema ndani ya masafa ya mtu mwingine. Gari la China litakuja na redio yake, la Ulaya na yake. Uwezo ambao mnunuzi wa kwanza aliulipia kwa ajili ya usalama wake unafia bandarini.

Mwanga wa taa hauna ugawaji wa masafa. Wekundu wa taa ya breki iliyotoka kiwandani Aichi, Japani, ni wekundu uleule Mombasa, na hakuna mamlaka ya mawasiliano inayotoa leseni ya rangi nyekundu. Bado magari yatahitaji kukubaliana kuhusu maana ya biti, na hilo si dogo. Lakini kukubaliana maana ni kazi ya programu, inayoweza kurekebishwa kwenye gari lililokwisha kuuzwa. Kubadilisha masafa ni kubadilisha vifaa. Na kuna jambo lingine: gari lisilo na kifaa chochote cha kupokea bado lina dereva mwenye macho, na taa ya breki iliyobeba data bado ni taa ya breki. Ujumbe wa redio kwa asiye na redio haupo kabisa. Kwa barabara ambazo kwa miaka mingi ijayo zitakuwa na basi jipya, Noah ya mwaka 2005, bajaji na mkokoteni kwa pamoja, mfumo unaomwachia kitu hata asiye na kifaa una thamani ambayo takwimu za kasi hazionyeshi.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya mwanga ndiyo inayosikika zaidi: kwamba jua la mchana litaufuta, hasa kwetu tulio karibu na ikweta. Inasikika kama jambo la wazi, lakini haisimami. Jua ni kali ila halibadiliki ndani ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Taa inayowaka na kuzima mara elfu nyingi kwa sekunde inatofautishwa nalo kwa njia ileile redio inavyotofautisha stesheni na mlio wa kawaida, na kioo cha rangi kinachoruhusu wekundu pekee kinapunguza sehemu kubwa ya mwanga wa jua kabla haujafika kwenye kihisi. Kwa kamera ni rahisi zaidi, maana jua lina mahali pake kwenye picha na taa ina pake. Shida ya kweli ni fupi na ina saa zake: jua linapokuwa chini kabisa, nyuma ya gari la mbele, likijaza picha nzima. Hapo mfumo utapofuka, kama dereva mwenyewe anavyopofuka. Ndiyo maana haupaswi kuachwa peke yake. Mvua kubwa na tope ni matatizo makubwa kuliko jua. Taa ya nyuma ya lori lililotoka Tunduma wakati wa masika, iliyofunikwa na udongo hadi rangi yake haijulikani, haitatuma kitu. Hata hivyo taa hiyo tayari ni hatari leo, na trafiki anaiona kwa macho na kumsimamisha mwenye lori. Antena ya redio iliyokufa haionekani na mtu.

Hoja nyingine ina nguvu zaidi na inastahili jibu la makini: magari mapya yana kamera na rada zinazoona gari la mbele likipunguza mwendo, basi ujumbe wa nini? Kwa sababu rada inapima kilichokwisha kutokea. Inaona mwendo umepungua. Haijui kama dereva wa mbele amegusa breki kidogo au ameikanyaga mpaka chini, haijui lori lile limebeba tani 30 za saruji, wala haijui kwamba gari la tatu mbele yake limesimama. Taa ya breki ya magari mengi leo inawaka kwa mwanga uleule kwa mguso mdogo na kwa dharura. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linaenda mita 22 kila sekunde, na dereva anayechukua sekunde moja na nusu kuitikia amekwisha kupita mita 33 kabla mguu haujafika kwenye breki. Anayeambiwa mapema kwamba kilicho mbele ni dharura anazipata mita hizo, au sehemu yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na karibu moja ya tano wako kanda ya Afrika, yenye asilimia 3 tu ya magari. Mita kama hizo ndizo zinazogombaniwa.

Kinachofuata kwa watunga sera wetu hakihitaji kusubiri mataifa makubwa yamalize ugomvi wao wa masafa. Mahali pa kuanzia ni mabasi na malori, kwa sababu ndiyo yanayobeba wengi na tayari tuna mazoea ya kuyawekea vifaa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, imeyafungia mabasi ya mikoani vifaa vya kufuatilia mwendo, na Kenya iliwahi kulazimisha vidhibiti mwendo kwenye matatu kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004. Kifaa cha kutuma kwa mwanga ni saketi ndogo inayoidhibiti taa ya LED ambayo ipo tayari. Gharama kubwa iko kwa anayepokea, na anayepokea anaweza kuja baadaye. Taa za kuongozea magari kwenye makutano, ambazo mijini zimekuwa za LED, zinaweza kutuma kwa kila anayezitazama zikisema zimebakiza sekunde ngapi, bila kujali ni magari mangapi yana kifaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa viwango vya pamoja, na huko ndiko lugha ya taa inapopaswa kuandikwa, ili lori la Kigali lieleweke Dodoma.

Ila kuna kifungu kimoja ambacho kisiposhughulikiwa kitaua kila kitu. Taa ya nyuma ni kipuri. Inagongwa, inaibwa, inapasuka, na mwenye gari anakwenda Kariakoo au Kirinyaga Road kununua ya bei anayoimudu. Taa ikigeuka kuwa kifaa cha mawasiliano, kila taa ya bandia inayofungwa inalifanya gari liwe bubu, na pengine linalotuma upuuzi, na dereva wake hatajua kwa sababu taa inawaka vizuri tu. Saketi ya kutuma inapaswa kukaa kwenye nyaya za gari, nyuma ya taa, ili LED yoyote ya kawaida itakayowekwa iseme kilekile. Watengenezaji watapendelea kuiweka ndani ya taa, maana huko ndiko wanakouza vipuri ghali. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo gari linalotoka kiwandani Japani mwaka huu litashuka Mombasa ndani ya muda huo. Kifungu hicho kinatakiwa kiwe kimeandikwa kabla halijafika.